Waliotuchekesha na Chupa ya Kalahari

Mtu aliyecheza Xi katika filamu ya The Gods Must Be Crazy alikuwa mpishi wa shule. Naanza na hilo kwa sababu miaka mingi tuliambiwa mambo mengine kabisa. Tuliambiwa kwamba mwongozaji Jamie Uys alizunguka Kalahari akitafuta mtu asiyejua fedha wala gari, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa amemwona mzungu mmoja tu, akamkuta huko porini na kumweka mbele ya kamera vilevile alivyo. Hadithi hiyo iliuza tiketi Marekani na Ulaya. Ilitufikia na sisi Morogoro tukaipokea, maana yule bwana mwembamba mwenye tabasamu alituingia moyoni tangu pale alipoiokota ile chupa ya Coca-Cola na kuigeuzageuza mkononi.

Jina lake N!xau. Alikulia Botswana akichunga mifugo kwenye shamba la Waherero, baadaye akahamia upande wa Tsumkwe, kaskazini mashariki ya Namibia, akapata kazi ya kupika shuleni. Mshahara aliujua. Wazungu aliwajua. Basi ule mshangao wote tuliouona usoni mwake, na jinsi alivyowakodolea macho wenye magari akidhani ni miungu, ulikuwa uigizaji. Kazi yangu ilinifundisha kusoma nyuso za watu, lakini katika uso ule sikuona hata mara moja dalili kwamba mtu yule anajifanya. Waigizaji wengi waliosomea kazi hiyo hawafiki hapo.

Miaka ya 1980 nilikuwa muuguzi wa kitengo cha kifua kikuu na ukoma mjini Morogoro. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Vituo vya kwanza vilikuja 1994. Zanzibar walikuwa nayo zamani, na kila aliyetoka Unguja alirudi na masimulizi ya alichokiona. Sisi tulitegemea deki za video. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliagiza ya kwake kutoka Dubai, akafungua ukumbi katika ghala lililokuwa la mkonge. Madirisha yalizibwa kwa magunia na khanga kuukuu, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, runinga ikiwa juu ya kreti za bia zilizopangwa. Watoto walikaa mkekani, akina mama kwenye mabenchi, wanaume wengi walisimama wameegemea ukuta. Kiingereza alikitafsiri mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alisimama pembeni ya runinga na fimbo yake ya darasani, akipaza sauti ili asizidiwe na jenereta.

Siku ya filamu hii mwalimu alipumzika sana. N!xau alipozungumza kwa lugha yake ya vidoko hakuna aliyegeuka kumtazama mkalimani. Rubani anatupa chupa kutoka kwenye ndege ndogo, chupa inaanguka isivunjike, familia ya Xi inaipokea kama zawadi kutoka juu. Wanalainishia ngozi ya nyoka, wanapondea mizizi, wanaipuliza inatoa sauti. Kila mtu anaitaka, nayo ni moja tu. Halafu mtoto mmoja anamgonga mwenziwe nayo kichwani. Mama aliyekaa mbele yangu, muuza vitumbua wa sokoni, akasema kwa sauti ya juu: "Hapo sasa ndipo shetani alipoingia." Ukumbi mzima ukaitikia.

Marius Weyers alicheza Andrew Steyn, mtafiti wa kinyesi cha tembo ambaye akimwona mwanamke tu anajikwaa, anaangusha vitu na kushika asichopaswa kushika. Gari lake halina breki. Akifika getini inabidi aruke chini, akimbie mbele kulifungua kabla gari halijampita, na ole wake geti likigoma. Fundi wake Mpudi, aliyechezwa na Michael Thys, alilibatiza gari lile jina la Mpingakristo. Madereva wa hospitali walikuwa na Land Rover za umri ule ule, wakazijua tabia zake zote. Mmoja wao alicheka mpaka akatoka nje kupumua.

Ukumbini siku hiyo alikuwamo kijana wa Mazimbu. Wasomaji wadogo huenda hawajui: Mazimbu, nje kidogo ya mji wetu, ndiko ilikokuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Serikali yetu iliwapa lililokuwa shamba la mkonge, nao wakajenga madarasa, karakana, hospitali. Kijana huyu alikuwa msaidizi katika hospitali yao, na alikuja kwetu mara kwa mara kuchukua dawa za kifua kikuu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alicheka nasi tangu mwanzo, mpaka alipotokea Sam Boga.

Sam Boga, aliyechezwa na Louw Verwey, ni kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Watu wake wanavamia kikao cha mawaziri, wanapiga risasi ovyo, wanakimbilia kwenye shamba la migomba. Wawili kati yao hawana habari na vita, wanacheza karata. Mwishowe wanateka darasa zima la watoto pamoja na mwalimu wao, na N!xau, akiwa na upinde mdogo usiozidi kiganja, anawachoma mmoja mmoja kwa vijishale vya dawa ya usingizi. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Kijana akanyanyuka, akapita katikati ya watoto kwa uangalifu asiwakanyage, akatoka.

Alipokuja tena kwenye dirisha la dawa nilimuuliza kama alikuwa anaumwa siku ile.

"Siumwi, dada," alisema. "Ile picha mmeambiwa ni ya Botswana. Ni ya kwetu, Afrika Kusini. Wale wapumbavu wenye bunduki ndio sisi."

Akasaini daftari, akabeba katoni yake, akaenda zake.

Alisema kweli. Filamu ilitoka mwaka 1980, wakati jeshi la Afrika Kusini likipigana na wapigania uhuru wa SWAPO huko huko Namibia, na nchi yenyewe ikiwa imesusiwa na sehemu kubwa ya Afrika. Kuitangaza kama kazi ya Botswana kuliisaidia kuvuka mipaka ambayo bidhaa ya makaburu isingevuka. Hata kwetu Tanzania, nchi iliyojifunga mkaja kwa ajili ya ukombozi wa kusini, iliingia ndani ya kanda isiyo na jalada, na watoto wa majirani wa Mazimbu wakaishangilia.

Na Tsumkwe yenyewe haikuwa ile ya kwenye filamu. Filamu inasema Wasan, watu wa N!xau, wanaishi bila mtawala, bila uzio, bila ugomvi, wakiokota chakula kwenye mchanga. Wakati Uys anaweka kamera zake, Wasan wa eneo lile, wanaojiita Ju|'hoansi, walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao ya kuwindia na wengi wao walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya serikali, wakiishi kwa posho ya unga. Wanaume waliandikishwa kwenye jeshi la makaburu kwa sababu hakukuwa na mshahara mwingine. Pombe iliingia. Kifua kikuu kikaingia pamoja nayo.

Yupo aliyeyaonyesha haya wakati ule ule. John Marshall, Mmarekani aliyeanza kuwapiga Wasan picha tangu akiwa kijana miaka ya 1950, alitoa filamu ya maisha ya mwanamke mmoja wa Tsumkwe, N!ai, the Story of a !Kung Woman, mwaka huo huo wa 1980. Ndani yake mna kipande kinachoonyesha watu wa Uys wakiwa kazini: maelekezo yanatolewa, watu wanarudishwa nyuma, tendo linafanywa upya. Niliiona miaka mingi baadaye katika warsha ya watu wa afya, na nikaomba kipande kile kirudiwe. Kando tu ya kamera palikuwa na watu waliovaa suruali na magauni yao ya kila siku, wakisubiri. Wenzao waliokuwa mbele ya kamera walikuwa wamevikwa ngozi.

Kwa ile filamu ya chupa husemwa kwamba N!xau alilipwa dola 300 hivi. Uys alipenda kusimulia kwamba malipo ya kwanza N!xau aliyaacha yapeperushwe na upepo, eti fedha hazikuwa na maana kwake. Siamini hata kidogo. Mpishi wa shule anajua noti inanunua nini dukani Tsumkwe. Hadithi ile iliwafaa walioandika hundi. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984, ikakaa kwenye sinema za New York zaidi ya mwaka mzima, ikawa filamu ya kigeni iliyoingiza fedha nyingi zaidi huko kuliko zote zilizoitangulia.

Ndipo ikaja sehemu ya pili, iliyotoka 1989, na hapa N!xau mwenyewe alijibu zile hadithi za upepo na noti. Aligoma kupatikana kwa bei ya zamani. Alitaka mamia ya maelfu ya dola, na akaeleza anazitakia nini: nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji kwa ajili ya familia yake. Alilipwa. Nilipoisoma habari hiyo gazetini nilifurahi kama vile nimesikia mgonjwa wangu amepona. Nyumba ya matofali, umeme na maji ndiyo mambo ambayo kila mfanyakazi wa Morogoro alikuwa akiyaota usiku na mchana.

Baadaye Hong Kong walimwita. Mwaka 1991 alionekana katika Crazy Safari, ambamo maiti ya Kichina iliyofufuka inarukaruka jangwani, na roho ya Bruce Lee inampanda N!xau mwenyewe akaanza kurusha mateke. Watoto wa ukumbi wetu waliipenda kuliko ile ya kwanza. Alicheza nyingine tena huko Mashariki ya Mbali, kisha akaachana na filamu akarudi kwao.

Wenzake walikwenda njia tofauti, na niliwafuatilia kwa jinsi nilivyoweza, kwa magazeti kwanza, kisha kwa kanda na diski.

Weyers alinishtua mapema. Katika Gandhi, filamu ya 1982 iliyotufikia nyuma ya ile ya chupa, ndiye kondakta wa treni wakati Gandhi kijana anaposhushwa kwa nguvu kwenye behewa la daraja la kwanza. Nilimtambua kwa taya. Mtu tuliyemcheka kwa haya yake mbele ya wanawake alikuwa amesimama pale na sare, bila huruma hata chembe. Mwaka 1993 alikuwamo katika Bopha!, filamu iliyoongozwa na Morgan Freeman kuhusu polisi mweusi anayewatumikia makaburu, na mwaka 2006 katika Blood Diamond akacheza bwana mkubwa wa almasi. Hollywood ilimtaka kaburu mbaya, naye aliwapa. Kuchekesha kwake kulibaki zaidi nyumbani, jukwaani na katika michezo ya Kiafrikaans.

Sandra Prinsloo, aliyekuwa Kate Thompson, yule mwandishi wa habari anayeacha gazeti la Johannesburg kwenda kufundisha kijijini Botswana, ndiye ninayemheshimu zaidi baada ya N!xau. Mwaka 1985 alipanda jukwaa la Baxter mjini Cape Town pamoja na John Kani katika Miss Julie, mchezo wa August Strindberg. Ndani yake binti wa tajiri na mtumishi wa nyumbani wanapendana. Mzungu na Mwafrika wakabusiana mbele ya hadhira, katika nchi ambayo mapenzi ya namna hiyo yalikuwa kosa la jinai hadi sheria ilipofutwa mwaka huo huo. Watu waliinuka wakatoka ukumbini kwa hasira. Wao wakaendelea na mchezo. Kani ndiye yule ambaye vijana wa leo wanamjua kama Mfalme T'Chaka, baba wa Black Panther. Prinsloo hakuacha jukwaa. Akiwa mtu mzima alizunguka nchi yake na mchezo wa mwigizaji mmoja kuhusu bibi na cherehani yake. Ningependa sana kijana wa Mazimbu apate kuzijua habari hizo. Shule yao ilifungwa 1992, majengo wakatuachia sisi, wakarudi kwao.

Ken Gampu, aliyecheza rais anayenusurika kwenye zile risasi za kikao cha mawaziri, alikuwa mkongwe kuliko wote. Uys ndiye aliyemweka kwenye Dingaka mwaka 1965, na kutoka hapo akaingia katika The Naked Prey na The Wild Geese, akiwa miongoni mwa Waafrika Kusini weusi wa kwanza kabisa kuonekana katika filamu za Hollywood. Sauti yake ilijaza ukumbi wetu kupita jenereta. Katika nchi yake mwenyewe, wakati akicheza rais wa taifa, hakuwa na haki ya kupiga kura. Aliipata 1994, akiwa na umri wa miaka 60 na ushei. Alifariki Novemba 2003.

Uys mwenyewe alionekana kidogo kwenye filamu yake: ndiye mchungaji anayetakiwa kwenda kumpokea Kate. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kushika kamera, na hilo linaonekana, maana kila tukio la ile Land Rover limepimwa. Alifariki Januari 1996. Kipaji chake sikikatai. Nilicheka, na nikiiona leo nacheka. Lakini alikuwa na mwigizaji mkubwa mikononi mwake, akawauzia watu porojo kwamba amempata mtu wa porini.

N!xau alirudi Tsumkwe akalima mahindi, maharage na maboga, akafuga ng'ombe wachache. Alinunua gari na kumwajiri dereva, kwa kuwa mwenyewe hakujifunza kuendesha. Mwaka 2000 alibatizwa katika Kanisa la Waadventista wa Sabato. Namibia ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake mwaka 1990, na mwaka 1998 Wasan wa Nyae Nyae, eneo la kwao, wakapata haki ya kusimamia wanyamapori wa ardhi yao, wa kwanza miongoni mwa jamii za vijijini za nchi ile. Kwa hiyo alizeeka akiwa raia, mkulima, baba wa watoto sita.

Na alikuwa ameugua kifua kikuu.

Mwanzoni mwa Julai 2003 alikutwa amefariki karibu na kwao. Alikadiriwa kuwa na miaka 59. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Alizikwa Tsumkwe tarehe 12 ya mwezi huo. Mimi niliisikia habari redioni nikiwa kazini, nikipanga kadi za wagonjwa, na mtangazaji aliisoma harakaharaka kabla ya michezo, akitaja chupa na kicheko. Ugonjwa aliutaja kwa neno moja. Mimi nilikaa na neno hilo siku nzima.

Naufahamu ugonjwa huo kwa karibu. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa mwaka 1977, na pamoja na Daktari Karel Styblo tukajaribu hapa kwetu utaratibu ambao baadaye dunia nzima iliuiga: dawa za miezi minane, mgonjwa akimeza mbele ya macho ya muuguzi katika miezi ya mwanzo, kila jina kwenye rejesta, kila kohozi kwenye darubini. Niliwaona watu wakiletwa kwenye machela za kamba, mbavu zikihesabika, na wakarudi baada ya miezi kutuletea ndizi. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani alipata kifua kikuu, swali langu ni kituo cha dawa kilikuwa umbali gani, nani alimfuatilia, na je, dozi ilimalizika. Tsumkwe ni mbali na kila kitu. Vijiji vimetawanyika kwenye mchanga, familia zinahama kufuata chakula na jamaa, nyumba za makazi zina msongamano. Wasan wa eneo hilo wameugua kifua kikuu kuliko Wanamibia wengi, na dozi ikikatika njiani vijidudu huzoea dawa, kisha mgonjwa mmoja huwaambukiza wengine ugonjwa ulio sugu. Dola za filamu zinaweza kuleta matofali na pampu ya maji. Haziwezi peke yake kujenga zahanati, kumlipa muuguzi wala kuleta gari la kumfuatilia mgonjwa. Hizo ni kazi za serikali, na serikali ya makaburu haikuwapa Wasan ya kutosha katika hayo kwa miongo, wakati kamera zikiwaonyesha ulimwenguni kama watu wasiohitaji chochote.

Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Watu walitoka kwenye sinema za New York wakiamini huko Kalahari kuna jamii yenye furaha isiyotaka kusumbuliwa, na mtu anayeamini hivyo hachangii dawa, wala hamuulizi mbunge wake chochote.

Siku hizi vipande vya filamu ile vinazunguka kwenye simu. Wajukuu wangu wanacheka pale pale nilipocheka mimi, kwenye geti na kwenye chupa. Vingi vimeandikwa tu "Bushman". Ukiwaonyesha watoto wako, watajie jina lake, N!xau, na uwaambie alikuwa mpishi wa shule, kisha mkulima, na kati ya hayo mawili akawa mmoja wa waigizaji bora waliowahi kutoka kusini mwa Afrika. Na kama nyumbani kwako yupo anayekohoa wiki mbili sasa, mpeleke akapime makohozi. Dawa zipo, hazilipiwi, na akizimaliza zote atapona.